Kiziwi Aliyeomba Simu

Siku nilipopeleka barua ya kuomba simu kwenye biro, ofisi ya kampuni ya simu pale Nchelenge, karani aliisoma, akanitazama masikio, akaisoma tena. Kisha akaomba kaye yangu, daftari niliyotembea nayo mufukoni ili watu waniandikie maneno yao, akaandika kwa heshima ya kumuita mutu baba: "Batata, wewe hausikie. Simu ya nini?"

Nilimujibu kwa mudomo. Kusema nilikuwa ninasema vizuri, ila sikujua tena kupima sauti yangu, na muke wangu aliniambia baadaye kwamba nililia kama mutu anayeita mutumbwi katikati ya ziwa. Nilisema: "Simu yangu si ya kusikia. Ni ya kuandika."

Foleni yote ilicheka. Mutu asiyesikia anakijua kicheko kwa mabega ya watu, na siku ile mabega yote ya biro yalikuwa yanapanda na kushuka. Karani mwenyewe aliweka kichwa juu ya meza. Nikasaini karatasi, nikatoka.

Ile kaye ninayo bado, pamoja na zingine zote za miaka ile ya mwisho wa tisini. Ndiyo maana ninaweza kueleza nani alisema nini. Wenye masikio wanasahau walichosema na kukana walichoahidi. Mimi waliniandikia kwa mukono wao. Waliponiandikia kwa Kibemba au kwa Kiingereza, hapa ninageuza kwa Kiswahili chetu cha ziwani.

Sikuzaliwa kiziwi. Nilitoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kazi yangu huko ilikuwa foni, ile redio ambayo wachuuzi wa samaki walitumia kuzungumza na Lubumbashi. Miaka kumi na miwili nilikaa na spika kwenye sikio, nikipokea habari za bei ya chisense, wale dagaa wa ziwa letu, za malori yaliyokwama, za misiba. Nilijua sauti za watu ambao sikuwahi kuona sura zao. Kisha kifua kilinishika. Walinichoma sindano kila asubuhi kwa miezi miwili, na muuguzi alinionya mapema kwamba dawa ile inaweza kuponya mapafu na kuharibu masikio. Ilifanya yote mawili. Nilipona, nikanyamaziwa na dunia nzima. Muke wangu ni Mubemba wa Kashikishi, kwa hiyo tulivuka, tukajenga kwao, yeye akauza samaki na mimi nikatengeneza redio za watu. Nilizitengeneza kwa macho na vidole. Wateja walizijaribu wenyewe mbele yangu, nikatazama nyuso zao kujua kama nimefaulu.

Tulikuwa na mutoto mumoja, musichana. Alisoma vizuri mpaka akaenda chuo Lusaka. Mwisho wa kila mwezi alipiga simu posta ya Nchelenge kwa saa tuliyopatana, na mama yake na mimi tulikwenda pamoja tukiwa tumevaa nguo za kanisa. Muke wangu alishika simu. Mimi nilisimama kando nikitazama mudomo wake. Alicheka, akauliza, akashangaa, akafuta machozi, na mimi nilikuwa kama mutu anayetazama wengine wakila. Akimaliza ananiandikia kwenye kaye: "Anakusalimia. Hajambo." Nusu saa ya maneno ya mutoto wangu, na mimi ninapewa maneno mawili. Sikumulaumu. Mutu hawezi kuandika kicheko.

Basi kulikuwa na muzungu wa muradi wa samaki, mutu mwembamba aliyepima nyavu za wavuvi na kuwaambia matundu ni madogo, jambo ambalo wavuvi walilijua kuliko yeye. Nilikuwa ninamutengenezea redio ya mashua. Siku moja aliniita biro yake, akanikalisha mbele ya kompyuta. Aliunganisha kijisanduku kidogo chenye taa nyekundu kwenye waya wa simu, akabonyeza, akangoja. Taa zilicheza. Kisha mustari wa maneno ulitokea kwenye kioo, ukafuatiwa na mwingine. Aliniandikia: "Hii imetoka kwa dada yangu, Ulaya. Ameandika asubuhi hii."

Nilikaa pale nikitazama. Maneno yalikuwa yametembea kwenye waya wa simu bila kupita kwenye sikio la mutu. Miaka kumi na miwili nilikuwa mutumwa wa sikio, kumbe ilikuwepo njia hii. Nilimuuliza kama mutoto wa chuo Lusaka anaweza kuwa nayo. Akaandika kwamba chuo kinayo tayari. Akaongeza kwa herufi kubwa: "Karibuni kila nyumba hapa itakuwa na intaneti ya mbio, kwa bei nafuu." Wazungu wa miradi walipenda sana neno karibuni. Muradi wake ulikwisha kabla ya mvua. Kompyuta na kijisanduku chake, ambacho kinaitwa modemu, aliniachia mimi, na mimi nikamupa injini yangu ndogo ya mutumbwi. Watu walisema ugonjwa umetoka masikioni umepanda kichwani.

Hapo ndipo nilipopeleka barua ile ya kuomba simu.

Kwanza waliniambia laini zimejaa. Niliuliza zimejazwa na nani, maana niliwajua wenye simu wote, na wengi wao walikuwa hawamupigii mutu. Kulikuwa na mutu mumoja, aliyekuwa mukubwa serikalini zamani, simu yake ilikaa sebuleni juu ya kimeza, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni walionyeshwa kama picha ya harusi. Mwezi uliofuata jibu likabadilika. Karani aliandika kwamba laini zipo, lakini nguzo hazipo. Nguzo za simu zilikuwa zinaishia kwenye zahanati. Nikatoka pale nikaenda mpaka zahanati, nikahesabu hatua mpaka mulango wangu, nikagawa. Zilihitajika nguzo kumi na moja. Nikarudi kumuambia. Akaandika: "Hizo ni za Lusaka kuhesabu."

Lusaka ilikuja. Walikuja wakubwa watatu na gari mbili, wakatundika kitambaa kirefu kwenye ukumbi, chenye picha ya mutoto anayechekea kompyuta. Mutoto yule alikuwa na meno mazuri kabisa. Viti vya mbele vilikaliwa na wale wenye simu tayari. Kulikuwa na soda na biskuti. Muke wangu alikaa karibu nami akiniandikia aliyokuwa anasema shefu, yule mukubwa wao: "Anasema mawasiliano ni maendeleo. Anasema intaneti itafika kila kijiji cha ziwani, mpaka Puta. Anasema mbio sana. Anasema bei ya maskini. Anasema hayo tena." Mwisho alichoka, akaandika tu: "Bado anasema."

Waliporuhusu maulizo nilisimama. Niliuliza nguzo kumi na moja kutoka zahanati mpaka kwangu zitakuja lini.

Shefu alisema kitu. Nilimupelekea kaye. Aliishika kwa vidole viwili, akaandika: "Muzee, tuko na mupango mukubwa wa inchi yote."

"Miye sikuulize juu ya inchi yote," nilimuambia. "Nimeuliza juu ya miti kumi na moja."

Sijui nilipaza sauti kiasi gani. Niliona mutu wa soda amesimama na chupa mukononi. Shefu alitabasamu vile wanavyotabasamu watu wanaosafiri kesho, akanirudishia kaye, akamutazama mwenye swali lingine. Lile lingine lilikuwa la mwenye baa. Yeye hakuuliza kitu. Alisimama kushukuru.

Mwenye baa huyu ninapaswa kumueleza. Alikuwa na baa nyumba mbili kupita kwangu, na kanisani alikuwa muzee wa kanisa mwenye kiti chake karibu na muchungaji. Jumamosi aliwauzia watu bia na Jumapili aliwaombea wale walioinywa. Alikuwa anajenga chumba cha wageni nyuma ya baa na alitaka simu iandikwe kwenye ubao wake. Siku ya mukutano wakubwa walikula kwake. Samaki walikuwa wazuri, ninakubali, maana muke wangu ndiye aliyemuuzia.

Wiki tatu baadaye lori lilileta nguzo. Zile ambazo hazikuwepo, ambazo ni za Lusaka kuhesabu, zilishuka kumi na nne kwa muchana mumoja. Zilitoka zahanati zikapita mbele ya kila nyumba bila kusimama, kama msafara wa mukubwa, zikaenda baa. Moja ilisimikwa katika kiwanja changu, hatua nne kutoka jikoni, bila kuniuliza. Muke wangu alimutazama fundi akichimba shimo karibu na bustani yake ya mboga. Hakumugombeza. Alimupikia ubwali, ugali wa kwao, na samaki, akakaa naye wakizungumza Kibemba, na alipomaliza kula alikuja akaniandikia: "Anasema akipata karatasi ya biro anaweza kushusha waya mpaka dirishani. Lakini laini ni moja na ya baa. Mutaigawana."

Nilikwenda kwa karani asubuhi iliyofuata. Karatasi yangu ilikuwa bado pale, chini ya birika. Aliifuta maji, akapiga muhuri, akaandika: "Unaona? Tulikuwa tunaishughulikia."

Hivyo ndivyo simu ilivyofika kwangu, kwa kulipita lango langu ikienda kwenye bia.

Nilidhani kazi imekwisha. Kazi ilikuwa haijaanza. Nchelenge wakati ule hukupiga namba mwenyewe. Uliinua simu, mwanamuke wa posta aliyekaa mbele ya bodi ya waya akakuuliza unataka nani, naye akakuungia. Mimi sikuweza kumuomba wala kumusikia. Na modemu ilipaswa kuanza kazi wakati uleule kompyuta ya kupokea barua kule Lusaka inapoanza kulia upande wa pili. Kwa hiyo muke wangu alikuwa masikio yangu. Alikaa kwenye kigoda, simu kwenye sikio, akaomba Lusaka, na mimi nikaweka kidole juu ya kibonyezo nikimutazama mukono wake. Aliposikia mulio angeinua kidole, nami ningebonyeza.

Mara ya kwanza aliinua kidole, nikabonyeza, taa zikacheza, zikazima. Aliandika: "Imekatika." Mara ya pili vivyo hivyo. Nilimuuliza mulio wenyewe ukoje. Akafikiri, akaandika: "Kama bata aliyekanyagwa, na nyuma yake mvua kwenye bati." Tulijaribu siku nne. Bei ya dakika moja mpaka Lusaka ilikuwa kitu cha kumukasirisha mutu mutulivu, na dakika hizo tulilipa hata zilipoleta bata peke yake.

Siku ya tano nilikwenda posta mwenyewe kumuona yule mwanamuke wa bodi. Alikuwa mutu mwenye heshima, aliyechoka. Nilipomueleza, alishika mudomo, akaandika: "Pardon, batata. Nilikuwa ninasikia makelele, nikafikiri laini imeharibika. Nilikuwa ninaitosha kwenye bodi kila mara ili nisikuumize masikio." Kuniumiza masikio. Sikucheka kwa sababu yeye hakuwa anacheka. Tukapatana asiguse.

Basi mwanamuke wa posta hakutosha waya tena. Alibaki mwenye baa. Kwa kuwa laini ilikuwa moja, kila alipoinua simu yake, modemu yangu ilikufa. Na aliinua mara nyingi. Hakuwa na mutu wa kumupigia. Aliinua kuwaonyesha wanywaji kwamba ina mulio. Muke wangu alimuendea kwa adabu kumuomba saa moja tu kwa siku. Alirudi na jibu: laini ni yake, sisi ni wapangaji wa waya. Tuliwaza kwa siku kadhaa, ndipo muke wangu akapata dawa. Jumapili, saa ya ibada. Mwenye baa lazima awe kwenye kiti chake mbele ya kanisa, baa imefungwa, na funguo ziko mufukoni mwake chini ya kitabu cha nyimbo. Muke wangu alikosa ibada kwa mara ya kwanza tangu nimuoe, akasema Mungu naye ana masikio na anaelewa shida ya asiye nayo.

Jumapili ile taa hazikuzima. Nilikuwa nimeandika barua yangu mapema, mistari sita, kwa kidole kimoja, kwa adresi ambayo mutoto alimusomea mama yake kwenye simu ya posta. Niliandika: "Mwanangu, huyu ni papa. Ninakuandikia toka nyumbani. Mama yako anashika simu lakini hasikie tunayosema. Sasa unaweza kuniambia mambo yako mwenyewe. Uniandikie nyingi." Maneno ya mistari sita yalichukua muda wa kupika mahindi. Hiyo ndiyo mbio waliyotuahidi chini ya kitambaa. Lakini yalikwenda, na mimi nilitoka inje nikazunguka nyumba mara mbili kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Sasa, mwaka ule vita ilikuwa imerudi Kongo. Watu walikuwa wanavuka ziwa na magodoro, na kila Mukongomani aliyekaa Nchelenge, hata aliyekaa miaka kumi, akawa anatazamwa upya. Mwenye baa alikuwa ameinua simu mara kadhaa akasikia bata wangu. Alikwenda kusema kwa watu wa usalama kwamba Mukongomani mumoja, aliyekuwa mutu wa foni zamani, anayejifanya kiziwi, anatuma mulio wa siri ng'ambo. Kujifanya kiziwi. Miaka saba nilijifanya, hata tairi la lori likipasuka nyuma yangu sikugeuka. Nilikuwa hodari kweli.

Walikuja wawili Jumapili iliyofuata, saa ileile. Mumoja alikuwa murefu, mwenye bastola aliyoigusa kila mara kuhakikisha haijaondoka. Mwingine alikuwa mutu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Yule murefu alianza kwa kupiga makofi nyuma ya kichwa changu. Muke wangu ndiye aliyeniambia. Niliona tu uso wa muke wangu umebadilika. Kisha yule murefu akaandika kwenye kaye: "Onyesha unavyofanya."

Nikaonyesha. Muke wangu akaomba Lusaka, akainua kidole, nikabonyeza. Sote wanne tulikaa tukitazama taa. Nilikuwa nimengoja wiki nzima jibu la mutoto wangu, na likaja mbele ya bastola.

Liliandikwa kwa Kiswahili, Kiswahili cha nyumbani. Nililisoma huku likishuka polepole, mustari baada ya mustari:

"Papa, nimepata barua yako. Kwa sababu ni weye peke unasoma, nitakuambia. Masomo ilinishinda tangu mwezi wa tano. Walinitosha kwa chuo. Sasa ninauza salaula sokoni, nguo kuukuu za batoto. Adresi hii ni ya rafiki yangu wa chuo. Kwa simu sikuweza kusema, maana mama anarudilia kila neno kwa nguvu na posta yote inasikia. Usimuambie bado. Usikasirike. Ninakula vizuri."

Yule murefu hakujua Kiswahili kupita kile cha kununulia samaki. Alipiga kioo kwa kidole, akaandika: "Soma kwa Kibemba. Kwa sauti."

Muke wangu alikuwa bado kwenye kigoda, simu sikioni, akinitazama mudomo kwa hamu, maana hata yeye alingoja habari. Nikasoma. Nilisema: "Baba, nimepata barua yako. Mitihani ilikwenda vizuri. Baridi ni kali Lusaka. Ninaomba munitumie sabuni na samaki wakavu kidogo. Musalimie mama." Niliisema polepole nikipitisha kidole kwenye kioo, mustari kwa mustari, kama mwalimu wa chekechea. Muke wangu akatabasamu.

Yule wa miwani alikuwa ameinama karibu na kioo. Nilimuona. Midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo, na haikufuata maneno yangu. Ilifuata ya kioo. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Mimi nilihesabu kwamba nimekwisha. Mukongomani, mutu wa foni, amesoma barua kwa uongo mbele ya serikali.

Alichukua kaye mukononi mwangu. Akaandika, kwa Kiswahili chetu safi kabisa: "Nilikaa Mununga miaka sita na Wakongomani. Ile sabuni sikuiona."

Nikamutazama. Yeye hakunitazama. Alikunja ule ukurasa, akamugeukia mwenzake, akasema maneno machache, na yule murefu akaacha kuigusa bastola yake. Muke wangu aliniandikia baadaye alichosema: "Ni barua ya mutoto. Anaomba sabuni. Twende." Katika watu wote wa biro na wakubwa wote niliokutana nao juu ya simu ile, huyo ndiye peke yake niliyeshindwa kumudharau, na hata jina lake sikuuliza.

Walipotoka sikujua nifanye nini na siri. Muke wangu alikuwa ameanza kutafuta katoni ya kuwekea sabuni. Nilimuacha aitafute, akaipata, akaifuta vumbi. Alipotia samaki wa kwanza nilishindwa. Nikamufungulia barua kwenye kioo, nikamuacha aisome mwenyewe, polepole, maana Kiswahili cha kuandika kilimupa taabu.

Alisoma muda murefu. Kisha akakaa, akachukua kaye, akaandika: "Miye njo ninarudilia kila neno kwa nguvu?"

Nilimuambia sijui, mimi sisikii. Ni jibu la kijinga na ninalionea haya mpaka leo.

Alisema mengi siku ile ambayo hakuyaandika. Hasira yake haikuwa juu ya masomo. Ilikuwa kwamba mutoto amekaa na shida miezi yote hiyo, na kwamba mimi nilisimama mbele yake nikasoma sabuni. Na mimi nilikuwa na hasira yangu, ambayo sikumuonyesha: nilikuwa nimejisifu kila mahali juu ya mutoto wa chuo, kwa karani, kwa wateja wa redio, hata kwa mwenye baa. Nilikuwa nimewacheka watu wanaofunika simu zao kwa kitambaa ili wageni wazione, na mimi nilikuwa nimemufanya mutoto wangu hivyohivyo.

Siku ya pili yake alipanda basi kwenda Lusaka na ile katoni. Alikaa wiki moja. Jumapili nilikuwa peke yangu, bila masikio, modemu imelala. Aliporudi alikuwa amechoka na amevimba miguu, akaniletea shati la salaula lenye maandishi ya lugha nisiyoijua. Aliandika ukurasa muzima, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu niache kusikia. Kwamba mutoto anakaa na mwenzake chumba kimoja kisafi. Kwamba anafungua balo la nguo asubuhi na mapema, na wanamuke wanamupangia foleni. Kwamba walilia siku moja na siku zilizobaki wakauza. Mwisho aliandika: "Anafanya kazi vizuri kuliko sisi wawili. Harudi chuo. Usimuulize."

Sikumuuliza. Jumapili zilizofuata tuliandikiana. Mistari kumi, ishirini. Aliniambia juu ya wateja wake, juu ya polisi wa soko, juu ya kijana mumoja wa kushona ambaye baadaye akawa mukwe wangu. Mimi nilimuambia mambo ya Kilwa ambayo sikuwahi kumuambia akiwa mudogo, maana wakati ule nilikuwa na spika sikioni. Ilidumu musimu mumoja wa mvua na nusu ya mwingine. Kisha radi ilipiga nguzo ile ya karibu na jikoni, na modemu ikatoa harufu ya nywele zilizoungua.

Nilikwenda biro. Karani alipiga simu nyumbani kwangu, akasikiliza, akaandika: "Laini ni nzuri. Nimesikia." Nilimueleza habari za kijisanduku. Akauliza kijisanduku gani. Nikamukumbusha intaneti ya mbio, kila kijiji, mpaka Puta. Alifikiri sana, akaandika: "Wale wa kitambaa? Hao walikuwa wa idara nyingine."

Modemu nyingine haikupatikana upande wetu wa inchi, na mimi sikuwa na injini ya pili ya kutoa. Waya ulibaki. Mutoto akaanza kupiga simu nyumbani badala ya posta, Jumapili hiyohiyo saa ya ibada, na muke wangu alipata namna yake. Aliweka simu kwenye bega, kaye kwenye goti, akaandika kila neno la mutoto kadiri lilivyokuja, vicheko pia, kwa kuandika tu "anacheka", naye hakurudilia kitu kwa sauti. Mimi nilisoma juu ya bega lake, nikasema jibu langu, naye akiniwekea simu mbele ya mudomo. Ilikuwa polepole kuliko modemu. Mara nyingi ibada ilikwisha na sisi bado tunaandika, na mwenye baa akarudi, akakuta laini yake imejaa Wakongomani. Muke wangu anasema alikuja mara nyingi kugonga mulango wetu kwa nguvu, na kwamba alitukana vibaya kwa muzee wa kanisa. Inawezekana. Mimi nilikuwa pale pale chumbani, na sikumusikia.